Kusimamia adapta za mtandao kwenye programu ya kugawa intaneti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaosimamia mitandao midogo huku kusini mwa Tanzania: walimu wa kompyuta Newala na Masasi, wenye gesti Mtwara mjini na Mikindani, makarani wa vyama vya msingi vya korosho, vijana wanaouza vocha za Wi-Fi Lindi. Wengi wana kompyuta ya Linux, rauta ya MikroTik au kisanduku chenye OpenWrt (mfumo wa Linux wa rauta) kinachokaa kati ya intaneti na watumiaji. Majibu yameegemea Linux kwa sababu ndiyo iliyomo ndani ya vifaa vyote hivyo. Karibu kila anayeuliza huanza na sheria: nani apewe spidi ngapi. Mimi huanza na adapta, kwa sababu sheria iliyobandikwa kwenye adapta isiyo yake haifanyi kazi hata iandikwe vizuri namna gani.

Adapta ni nini hasa kwa programu hizi?

Kwa macho ni kadi yenye tundu la waya, antena ya Wi-Fi au modemu ya USB. Kwa programu ni jina tu: eth0, wlan0, ppp0. Nyuma ya jina kunaweza kuwa na chuma unachokishika, au kitu kilichoundwa ndani ya kompyuta yenyewe: VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya waya uleule), daraja linalounganisha matundu kadhaa, kiungo cha PPPoE (kinachoingia kwa jina na neno la siri la kampuni ya intaneti), handaki la VPN. Programu huning'iniza foleni yake kwenye jina hilo, na pakiti (vipande vidogo vya data) zisizopita pale haizioni kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni orodha. Amri `ip -br link` inatoa adapta zote, kila moja na hali yake na anwani yake ya MAC (namba inayoitambulisha kadi). Chukua karatasi, andika mbele ya kila jina waya wake unakwenda wapi: huu kwenye modemu, huu kwenye swichi ya maabara, huu hauna kitu. Kisha bandika lebo kwenye waya wenyewe, kwa plasta na kalamu ya wino usiofutika. Siku utakapopigiwa simu usiku na mtu aliyesimama mbele ya kabati la vifaa huko Nanyumbu, lebo hiyo ndiyo itakayokuwezesha kumwelekeza.

Nahitaji adapta ngapi?

Mbili: moja ya kutokea kwenye intaneti, nyingine ya kuingilia kwa watumiaji. Ukiwa na kompyuta ya tundu moja na swichi inayoelewa VLAN, unaweza kuigawa adapta moja kuwa mbili za ndani. Inafanya kazi vizuri, ila trafiki ya pande zote mbili inapita kwenye waya uleule. Kwa laini ya megabiti 20 au 50 hilo halina shida.

Jana adapta ya intaneti ilikuwa eth0, leo imekuwa eth1, na sheria zote zimehamia upande mwingine. Kwa nini?

Majina ya mtindo wa eth0 hutolewa kwa kufuata ni adapta ipi imeamka kwanza kompyuta inapowaka. Ukiongeza kadi, au modemu ya USB ikichelewa kuamka, mpangilio unabadilika. Tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba tangu 2013 systemd, mfumo unaowasha na kusimamia huduma za Linux, ulileta majina yanayofuata mahali kadi ilipo: enp3s0 ni kadi iliyo kwenye njia ya PCI namba 3, nafasi 0, eno1 ni ile iliyojengwa kwenye ubao wenyewe. Adapta za USB mara nyingi hupewa enx ikifuatiwa na MAC yote. Herufi hizo zinafika 15, ambao ndio mwisho wa urefu wa jina la adapta kwenye Linux. Ukitaka kuitundikia VLAN adapta ya namna hiyo na kuongeza nukta na namba mwishoni, jina litakataliwa.

Mimi napendelea kuzipa majina yanayotaja kazi. Tengeneza faili `/etc/systemd/network/10-wan.link` lenye mistari hii:

```
[Match]
MACAddress=aa:bb:cc:dd:ee:01
[Link]
Name=wan0
```

Tengeneza jingine la lan0. Hapo sheria zako zinasomeka: huyu ni wan0, huyu ni lan0. Kadi ikiungua unabadilisha MAC kwenye faili moja tu, na sheria haziguswi.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa modemu ndogo za 4G za USB. Nyingi za aina moja huja na MAC ileile na anwani ileile ya ndani, kwa kawaida 192.168.8.1. Ukichomeka mbili za mitandao miwili tofauti kwenye kompyuta moja, MAC haiwezi kuzitofautisha. Hizo zitambue kwa tundu la USB zilikochomekwa, ukitumia `Path=` badala ya `MACAddress=`, na uingie kwenye ukurasa wa modemu mojawapo uibadilishe anwani yake iwe 192.168.9.1.

Fundi, sheria ya spidi naiweka kwenye adapta ipi? Ya intaneti au ya watumiaji?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na nitakaa nalo.

Kompyuta inaweza kupanga foleni ya kile inachokituma. Kile kinachoingia kimeshafika; huwezi kukirudisha kikasubiri mlangoni. Kwa hiyo foleni ya kweli huwekwa kwenye adapta ambayo trafiki inatokea. Sasa fuata pakiti. Mwanafunzi anapopakua somo, pakiti zinaingia kupitia wan0 na zinatoka kwenda kwake kupitia lan0. Foleni ya kupakua, basi, iko lan0. Anapopakia picha, zinaingia lan0 na kutoka wan0. Foleni ya kupakia iko wan0. Watu wengi huweka zote mbili kwenye wan0, wanaona upakiaji umetulia na upakuaji uko vilevile, halafu wanailaumu programu.

Chukua ofisi ya chama cha msingi Tandahimba mwezi Oktoba, msimu wa korosho umefunguka. Karani anaingiza uzito na stakabadhi kwenye mfumo, na Wi-Fi hiyohiyo inatumiwa na watu waliokaa barazani wakisubiri. Mmoja anatuma video ndefu ya WhatsApp. Kurasa za karani zinaganda. Ukipima kwa `ping` utaona muda wa kwenda na kurudi umepanda kutoka makumi ya milisekunde hadi sekunde nzima au zaidi. Laini haijakatika wala spidi haijaisha. Kilichotokea ni kwamba video imejaza foleni iliyomo ndani ya modemu, na pakiti ndogo ya karani inasubiri nyuma ya mzigo wote huo.

Dawa yake ni kuihamisha foleni kutoka kwenye modemu, usikoweza kuigusa, kuja kwenye adapta yako. Unafanya hivyo kwa kuweka kikomo kilicho chini kidogo ya spidi halisi ya laini, kati ya asilimia 85 na 95. Ukiacha kikomo kiwe sawa na spidi ya laini au juu yake, foleni inabaki kwenye modemu na programu yako inakuwa mtazamaji. Wengi huumia moyo kuipoteza ile asilimia 10. Jaribuni wiki moja. Karani atawaambia kama anaikumbuka.

Kwa laini inayopima megabiti 20 kushuka na 5 kupanda, mistari miwili ya tc, amri ya kupanga foleni kwenye Linux, inatosha:

```
tc qdisc replace dev lan0 root cake bandwidth 18mbit dual-dsthost
tc qdisc replace dev wan0 root cake bandwidth 4500kbit dual-srchost nat
```

CAKE, aina ya foleni inayogawa spidi, imo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux tangu toleo 4.19 la 2018. Maneno ya mwisho yanaiambia igawe kwa haki baina ya watumiaji: wakiwa wawili, kila mmoja anapata nusu, akibaki mmoja, anachukua yote. Neno nat linahitajika upande wa wan0 kwa sababu pale anwani za watumiaji zimeshafichwa nyuma ya anwani moja, na CAKE lazima iangalie nyuma yake ili imjue kila mmoja. Upande wa lan0 anwani zinaonekana wazi.

Shuleni kwetu masomo ya video yamehifadhiwa kwenye kompyuta hiyohiyo inayogawa intaneti. Tangu niweke kikomo kwenye lan0, video za ndani nazo zimekuwa nzito.

Ni kweli, Mwalimu. Foleni ya lan0 haijui kwamba pakiti hii imetoka kwenye diski ya hapohapo na ile imetoka nje. Zote zinatokea mlango mmoja, zote zinabanwa kwenye megabiti 18.

Hapa ndipo adapta ya kubuni inayoitwa ifb inapofaa. Unaelekeza kila kinachoingia kupitia wan0 kipite kwanza ifb0, na kwa kuwa kinatoka ifb0, unaweza kukipangia foleni pale:

```
ip link add ifb0 type ifb
ip link set ifb0 up
tc qdisc add dev wan0 handle ffff: ingress
tc filter add dev wan0 parent ffff: matchall action mirred egress redirect dev ifb0
tc qdisc add dev ifb0 root cake bandwidth 18mbit nat dual-dsthost ingress
```

Kisha ondoa foleni ya lan0. Masomo ya ndani yatapita kwa spidi yote ya waya, na intaneti peke yake ndiyo itakayobanwa. Kwa shule zenye laini ndogo, huu ndio mpangilio ninaousimamia kwa nguvu zote: hifadhi masomo ndani, yapite bila kikomo, na intaneti iachwe kwa kazi inayoihitaji kweli. Kwenye OpenWrt huhitaji kuandika lolote kati ya haya. Kifurushi cha SQM, kinachopanga foleni, hutengeneza adapta ya ifb chenyewe ukishachagua adapta ya intaneti.

Nimeweka kikomo cha 10 lakini mtu anapakua kwa 40. Sheria inaonekana ipo.

Anza na herufi. Kwenye amri ya tc, `10mbit` ni megabiti 10 kwa sekunde, lakini `10mbps` ni megabaiti 10 kwa sekunde, yaani megabiti 80. Kwingineko duniani mbps huandikwa kumaanisha megabiti, kwa hiyo kosa hili linamnasa hata fundi mzoefu.

Kama herufi ziko sawa, angalia njia za mkato. MikroTik ina kanuni iitwayo FastTrack ambayo huwashwa kwenye mipangilio ya mwanzo. Inapitisha miunganisho iliyokwisha kukubaliwa bila kuipeleka kwenye foleni rahisi (Simple Queues), na foleni za mti (Queue Tree) zilizotundikwa kwenye global, yaani trafiki yote, hazioni kitu. Zima kanuni hiyo, au ifanye iwaruke wale unaotaka kuwabana. OpenWrt nayo ina uharakishaji wa mtiririko, hasa ule unaofanywa na chipu, ambao hupitisha pakiti pembeni ya SQM. Ukichagua kugawa kwa foleni, uharakishaji uzime, na ukubali kwamba prosesa itafanya kazi zaidi. Rauta ndogo za bei nafuu zinaweza kulemewa kuanzia megabiti mia na kitu. Kwa laini nyingi za huku hutafika huko.

Sababu ya tatu ni daraja. Kama eth1 na wlan0 ziko ndani ya daraja br-lan na wewe umeweka sheria kwenye eth1, wa Wi-Fi hawaguswi. Weka kwenye br-lan.

Na angalia IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti. Kikomo kilichoandikwa kwa anwani za IPv4 hakimhusu aliyepewa anwani ya IPv6, na mitandao ya simu inazitoa bila kukuuliza.

Nimeambiwa nizime "kazi za kadi" kwa ethtool. Ni zipi, na ni lazima?

Kadi za siku hizi hupunguzia prosesa mzigo kwa kuunganisha pakiti nyingi ndogo kuwa moja kubwa, inayoweza kufika kilobaiti 64. Kwenye laini ya gigabiti hilo ni jambo zuri. Kwenye laini ya megabiti 2, donge la kilobaiti 64 linachukua zaidi ya robo sekunde kupita, na muda huo wote sauti ya mtu anayeongea kwa WhatsApp inasubiri nyuma yake.

Ukitumia CAKE huna haja ya kuhangaika, kwa sababu yenyewe huyapasua madonge hayo kwenye laini zilizo chini ya gigabiti. Ukitumia HTB, aina nyingine ya foleni, kwenye laini ndogo, zima:

`ethtool -K wan0 tso off gso off gro off`

na ufanye hivyohivyo kwa lan0. Amri hii haikumbukwi kompyuta ikizimwa, kwa hiyo iweke pamoja na sheria nyingine zinazowashwa upya.

Adapta za USB zinafaa, au nitafute kadi ya kweli?

Kama kompyuta ina nafasi ya kadi, nunua kadi. Kama ni laptopu au kisanduku kidogo, adapta ya USB inatosha kwa matumizi ya shule au gesti, mradi iwe ya USB 3 na uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde kwa nadharia, na tundu hilo linagawanwa na vifaa vingine vilivyo kwenye njia hiyo.

Matatizo yake makubwa ni mawili: umeme na usingizi. Modemu ya 4G inavuta umeme mwingi inapotafuta mnara, na ikichomekwa kwenye kigawanyio cha USB kisicho na chaja yake, inazima na kuwaka. Kila inapowaka upya ni adapta mpya machoni pa Linux, na foleni uliyoiweka imeondoka nayo. Kuhusu usingizi, mfumo hujaribu kuzilaza adapta za USB zisizotumika ili kuokoa umeme. Nyingine haziamki vizuri. Kuongeza `usbcore.autosuspend=-1` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli kunamaliza hilo.

Taa ya adapta inawaka, lakini inasema 100 badala ya 1000.

Tazama kwa `ethtool lan0`, mstari wa Speed. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za waya. Megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo waya mmoja ukikatika au pini moja ikichafuka kati ya 4, 5, 7 na 8, adapta haifi. Inashuka kimyakimya hadi 100 na kuendelea.

Pwani yetu chanzo ni chumvi. Chomoa plagi iliyokaa miaka miwili kwenye veranda ya gesti ya Mikindani uiangalie kwenye mwanga: vile vibati vinane vilivyokuwa na rangi ya dhahabu vina madoa ya kijani, na kwenye tundu la adapta kuna unga mweupe kama wa chokaa. Ukikiminya kile kidole cha plastiki kinavunjika, kwa sababu jua limeshakikausha. Plagi ya namna hiyo haisafishwi. Kata, finya mpya, na kwa vilivyo nje tumia vifuniko vya kuzuia maji na waya wa nje ambao ni shaba tupu. Waya wa bei rahisi uliopakwa shaba juu ya alumini huoza mapema zaidi na hupoteza umeme njiani ukiutumia kupeleka umeme kwenye kamera au antena.

Ukiona Duplex: Half upande mmoja na swichi inasema Full, mtu amelazimisha spidi kwa mkono upande mmoja. Rudisha pande zote ziwe za kujadiliana zenyewe.

Umeme ukikatika na kurudi, sheria zote zinapotea.

Kwenye Linux, tc haihifadhi kitu. MikroTik na OpenWrt zinahifadhi. Andika sheria zako kwenye hati moja na uiite kupitia huduma ya systemd inayosubiri adapta husika, siyo inayosubiri "mtandao" kwa ujumla, kwa sababu modemu ya USB inaweza kuchukua nusu dakika kuamka baada ya kompyuta yenyewe. Ndani ya faili la huduma, mistari `BindsTo=sys-subsystem-net-devices-wan0.device` na `After=` yenye jina hilohilo inafanya kazi hiyo.

Kama laini yako ni ya PPPoE, ppp0 huzaliwa upya kila inapounganishwa. Weka hati yako kwenye `/etc/ppp/ip-up.d`. Na kumbuka kwamba ppp0 ina MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1492, baiti 8 pungufu ya kawaida. Tovuti zinazofunguka nusu na kuganda mara nyingi ni hapo, bana MSS (kikomo cha data ndani ya kila pakiti ya TCP).

Tuna laini mbili, ya faiba na ya 4G ya akiba. Sheria moja inatosha?

Hapana. Kila adapta ya nje ina spidi yake, kwa hiyo kila moja inahitaji kikomo chake cha kupakia. Kuhusu kupakua, tumia ifb mbili, moja kwa kila laini; ukitegemea lan0 pekee, faiba ikifa na 4G kuchukua nafasi, kikomo cha megabiti 45 kitabaki kwenye laini inayoweza 8, na foleni itarudi kwenye modemu.

Spidi ya 4G inapanda na kushuka na idadi ya watu kwenye mnara. Pima jioni, saa mbili usiku, siyo saa tano asubuhi, na uchukue namba ya chini. Kwenye OpenWrt kuna hati ya cake-autorate inayorekebisha kikomo chenyewe kwa kupima ucheleweshaji, inafaa kuijaribu.

Laini ya akiba ina mpaka wake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima, siku chache tu baada ya Kimbunga Hidaya kupiga pwani hii. Hali kama hiyo, adapta mbili zote zinaonyesha taa ya kijani na hakuna kinachopita. Kwa hiyo kipimo cha kuhama laini kisiwe taa ya adapta. Kiwe `ping` kwenda anwani mbili tofauti zilizo nje ya kampuni yako ya mtandao.

Nawabana watu kwa MAC, lakini kesho yake wanarudi na MAC nyingine.

Simu zinabadilisha MAC zenyewe: Android tangu toleo la 10, iPhone tangu iOS 14. Hawakukusudia kukudanganya, ni ulinzi wa faragha yao na ni jambo jema. Achana na MAC. Ukiuza vocha, funga kikomo kwenye jina la vocha. Usipouza, mgao wa haki wa CAKE unatosha, na nakushauri uanzie hapo kabla ya kumpangia mtu yeyote kikomo chake binafsi. Kumbana mtu kwenye megabiti 2 saa tisa usiku, laini ikiwa tupu, hakumsaidii yeyote.

Nasoma takwimu naona pakiti zimedondoshwa. Niogope?

Inategemea umesoma wapi. Zilizodondoshwa kwenye foleni, unazoziona kwa `tc -s qdisc`, ni njia ya foleni kumwambia mtumaji apunguze mwendo. Ndivyo inavyotakiwa. Makosa kwenye adapta yenyewe, yanayoonekana kwa `ip -s link` chini ya errors, hayatakiwi. Yakiendelea kupanda, shuku waya, plagi, kisha kadi, kwa mpangilio huo.

Windows je?

Windows inaweza kubana kinachotoka kupitia sera za NetQos, lakini haikujengwa kuwa lango la watu wengi. Kompyuta kuukuu yenye Linux itakufaa zaidi.

Kila masika radi inaunguza adapta. Tununue zipi zinazohimili?

Hakuna adapta inayohimili radi. Mvua za huku huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, na uwanda wa Makonde, kwa ule urefu wake, hauna pa kujificha. Kinachoua ni waya wa shaba uliovutwa hewani kati ya majengo mawili: radi haihitaji kupiga nyumba yako, ikipiga karibu tu, umeme unazaliwa ndani ya waya na kuingia adapta ya kila upande.

Kati ya majengo tumia faiba na vigeuzi viwili vidogo, au kiungo cha redio. Faiba haipitishi umeme, na pia inavuka ile mita 100 ambayo ni mwisho wa waya wa shaba. Kama shaba haiepukiki, weka vikinga-radi pande zote mbili na uviunganishe na waya wa ardhini ulio mzuri. Kikinga-radi kisicho na waya wa ardhini ni pambo. Na weka kadi moja ya akiba kabatini, aina ileile, MAC yake ikiwa imeandikwa juu ya boksi.

Niko Mtwara mjini, rauta iko Newala. Nabadilishaje adapta bila kujifungia nje?

Kwanza chukua nakala ya mipangilio na uihamishe nje ya kifaa. Kwenye MikroTik washa Safe Mode kabla ya kugusa lolote. Muunganisho wako ukikatika, mabadiliko yote hurudishwa baada ya kama dakika 9. Kwenye Linux, kabla ya kuanza andika `shutdown -r +10`. Fanya mabadiliko bila kuyahifadhi. Ukibaki umeunganishwa, andika `shutdown -c` kisha hifadhi. Ukijifungia nje, subiri dakika 10, kompyuta itajiwasha upya na sheria za zamani.

Kama kazi ni ya kung'oa kadi yenyewe, mpate mtu aliye pale, mwenye simu yenye chaji, na ifanyike baada ya saa za kazi. Mwombe akusomee lebo kabla hajachomoa waya wowote, na akutumie picha ya matundu yote jinsi yalivyo. Kadi mpya ikishaingia, akusomee MAC iliyochapishwa juu yake. Iandike kwenye faili la `.link`, washa upya, na kabla hajafunga mlango wa kabati muagize apime kwa simu yake mwenyewe akiwa kwenye Wi-Fi: kupakua, kupakia, halafu apige simu ya WhatsApp huku mwenzake anatuma video.